Fundo au Kitanzi? Uhakiki wa Istilahi za Kufuma Wanasesere

Kwa muda mrefu sisi tunaoshughulika na istilahi tumeelekeza nguvu zetu katika sheria, uhasibu, udaktari na uhandisi. Hilo halina lawama. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria ya Bunge mwaka 1967, ofisi, mahakama na shule zimekuwa zikidai maneno, naye adaiye ndiye alipwaye. Lakini ziko kazi ambazo hazina mtu wa kuziandikia barua ya kuomba istilahi, na si kwamba hazina haja nayo. Mojawapo ni ufumaji wa kroshia.

Mtu apitaye barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kwa njia ya Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, ataona barazani akina mama wenye sindano moja mkononi na donge la uzi mapajani. Zamani kazi yao ilijulikana kwa vitambaa vya kutandika juu ya meza na makochi. Siku hizi hufuma pia kofia na soksi za watoto wachanga, vitepe vya kichwani, vikoba vya kuchukulia kalamu, na wanyama wa kuchezea: twiga, tembo, kobe, samaki. Vitu hivi hupelekwa zawadi mtoto anapozaliwa, anapotimiza siku arobaini, au anapoanza shule. Vingine huuzwa, na fedha yake ikanunua unga na daftari. Kwa hiyo neno baya katika kazi hii lina hasara inayohesabika.

Miezi kadhaa iliyopita, nje ya kazi zangu za ofisi, jamaa mmoja aliniomba nimsaidie kunyoosha lugha ya mswada wa mwongozo wa kufuma wanyama wa kuchezea na mapambo ya watoto. Mswada huo ulikuwa umefasiriwa kutoka Kiingereza, na ulikusudiwa vikundi vya akina mama na walimu wa stadi za kazi. Makala haya ni uhakiki wa mswada huo. Vilevile ni uhakiki wa kazi yangu mwenyewe, kwa sababu makosa yaliyoleta hasara hayakuwa ya mfasiri peke yake. Moja, tena kubwa kuliko yote, lilikuwa langu.

1. Maneno yaliyofasiriwa bila kutazamwa

Sura ya kwanza ya mswada ilikuwa na kichwa hiki: "Zawadi za Kinyama kwa Watoto". Mfasiri alitaka kusema zawadi zenye umbo la wanyama. Lakini katika Kiswahili, kiambishi ki- kinapotangulia nomino namna hii huonyesha jinsi au tabia: kitoto ni kwa jinsi ya mtoto, kifalme ni kwa jinsi ya mfalme, na kinyama ni kwa jinsi ya mnyama, yaani kwa ukatili. Mtu anayepigwa kinyama hapigwi na twiga. Mfasiri angeweza kujitetea kwamba "kinyama" ni udogo wa "mnyama", na kanuni ya sarufi ingemwunga mkono. Lakini msomaji hasomi kwa kanuni, husoma kwa mazoea. Maana iliyokwisha kukaa katika neno haiondoki kwa sababu mgeni amebisha hodi.

Ndani ya sura hiyo wanyama wenyewe waliitwa "wanyama waliojazwa". Hapa Kiingereza kimefuatwa neno kwa neno. Kiingereza chenyewe kina utata katika msemo huo, kwani hutumika kwa mwanasesere wa kitambaa na pia kwa mnyama halisi aliyekufa, akachunwa, na ngozi yake ikajazwa ili akae katika jumba la makumbusho. Mwingereza hauoni utata huo kwa kuwa ameuzoea tangu utotoni. Mswahili hakulelewa nao, kwa hiyo aonyeshwapo "tembo aliyejazwa" ana haki ya kuuliza amejazwa nini, na ni nani aliyemwua.

Katika ukurasa wa maelekezo ya kuanzia, mfumaji aliagizwa atengeneze "pete ya uchawi". Wafumaji wa Kiingereza hulipa jina la aina hiyo duara la uzi ambalo vitanzi vya kwanza hufumwa ndani yake, kisha ncha ya uzi ikavutwa na tundu la katikati likafumba kabisa. Kwao ni sifa tu, kama mtu anavyosema kwamba dawa fulani ni ya ajabu. Lakini mtu yeyote aliyekaa pwani yetu anajua uzito wa neno "uchawi" mahali alipo mtoto mchanga. Mpelekee mzazi kofia ya mtoto, umweleze kwamba imeanzwa kwa pete ya uchawi, kisha utazame kama mtoto ataivaa. Mfasiri alilipata neno katika kamusi. Hakujiuliza litaingia nyumba gani.

Kosa la nne lilihusu macho. Ziko shanga za plastiki zenye umbo la jicho, zenye mguu unaopenya kitambaa na kishikizo kinachobana kwa nyuma ili jicho lisitoke. Mswada uliziita "macho ya usalama". Msomaji wa Kitanzania anajua usalama wenye macho ni upi, na sidhani kwamba angependa umkodolee mtoto wake macho kutoka katika uso wa kobe. Makosa haya mawili ya mwisho yanachekesha, lakini yametokana na jambo moja lisilochekesha: mfasiri aliiona sentensi, hakukiona kitu.

Kosa la tano ni la herufi moja. Mahali fulani mswada uliagiza "uzi wa sufi", na mahali pengine ukaagiza mwanasesere ajazwe "sufu". Mambo yamebadilishana. Sufu ni manyoya ya kondoo, nayo husokotwa kuwa uzi. Sufi hutoka katika tunda la msufi, mti tunaoujua vizuri huku pwani. Nyuzinyuzi za sufi ni fupi, laini na zenye utelezi. Hazishikani, kwa hiyo ni shida kusokotwa, lakini zafaa kwa mito na magodoro. Kwa kuwa ni nyepesi na hazinyonyi maji upesi, ziliwahi hata kujazwa katika mavazi ya kuelea ya mabaharia. Zina ubaya mmoja ambao mwongozo wa vitu vya watoto haukupaswa kuunyamazia: hushika moto haraka. Mfumaji aliyefuata mswada huo angekwenda dukani kutafuta uzi usiokuwako.

Makosa hayo matano niliyaona nikiwa nimekaa mezani, na niliyasahihisha kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyonipofusha.

2. Kosa la msahihishaji

Mswada ulitumia neno "stichi" kwa kila pigo la ufumaji. Nililifuta, nikaandika "fundo". Nilikuwa na sababu: ni neno letu, ni fupi, lina wingi ulio rahisi, na kila mtu analijua. Kisha nikafika penye istilahi ambayo kwa Kiingereza ina maana ya "kroshia maradufu". Nilitafuta maelezo yake katika kitabu kimoja cha ufumaji, nikaona kwamba kabla ya kuingiza sindano uzi huzungushwa mara moja. Nikaandika "fundo maradufu", na kwa kuwa nilipenda msomaji asibaki gizani, nikaongeza maelezo hayo chini yake. Nakala chache zilichapwa kwa majaribio na kupelekwa kwa kikundi kimoja karibu na mji wa Bagamoyo.

Kikundi hicho kilikuwa kimeagizwa twiga 12 kwa ajili ya watoto wa chekechea. Waliwafuma kwa kufuata nakala yangu. Twiga walitoka warefu, wazuri kwa mbali, na wenye matundu. Sponji iliyokatwakatwa ilionekana shingoni na tumboni. Mtoto mmoja wa nyumbani alitia kidole, akatoa kipande cha sponji, akakipeleka kinywani. Mama yake alikiwahi. Siku ile twiga wote walifumuliwa, na kazi ya majuma mawili ikarudi kuwa madonge ya uzi.

Sababu niliielezwa baadaye, na yafaa kila mfasiri aifahamu. Waingereza na Wamarekani hutumia majina yaleyale ya kroshia kwa vitu tofauti. Pigo fupi kuliko yote la mwili wa kitambaa, ambalo halina kuzungusha uzi kabla ya kuingiza sindano, Wamarekani huliita "moja" na Waingereza huliita "maradufu". Pigo refu zaidi, ambalo uzi huzungushwa mara moja kabla, Wamarekani huliita "maradufu" na Waingereza huliita "mara tatu". Kitabu kilichofasiriwa kilikuwa cha Uingereza. Kitabu nilichokitazama kilikuwa cha Marekani. Wanasesere hufumwa kwa pigo fupi kwa sababu hilo ndilo linalotoa kitambaa kizito kisichopitisha kinachojazwa. Mimi niliwaagiza akina mama wafume kwa pigo refu. Istilahi yangu ilikuwa ya Kiswahili fasaha, nayo ilikuwa ya uongo.

Hapa ndipo penye shina la uhakiki huu. Tumezoea kupima istilahi kwa ufupi wake, kwa asili yake, na kwa jinsi inavyopatana na sarufi. Vipimo hivyo ni vya haki. Lakini istilahi ya kazi ya mikono ina kipimo kimoja kinachotangulia vyote: je, mkono ukilisikia neno hilo, utafanya linalotakiwa? Neno lisiloweza kuuongoza mkono halijawa istilahi, hata kama limepita vikao vitatu.

3. Barazani Bagamoyo

Nilikwenda Bagamoyo kuomba radhi, nikakaa siku mbili zaidi ya nilivyokusudia. Nilipokwisha kumwamkia bibi anayewafundisha wenzake, nilimfungulia nakala, nikamwonyesha neno "fundo". Hakubishana nami. Aliniuliza tu:

"Mwanangu, fundo hufungwa. Umeniona nikifunga kitu?"

Kisha alichomoa sindano katika kofia aliyokuwa akiifuma, akaushika uzi, akavuta. Safu nne ziliondoka mbele ya macho yangu bila kukwama hata mahali pamoja. "Hivi ni vitanzi," akasema. "Kila kimoja kimemshika mwenzake. Fundo liko mwanzo na liko mwisho, basi."

Somo hilo la sarufi sikulipata chuo kikuu. Katika kroshia kila kitanzi hupitishwa ndani ya kitanzi kilichotangulia, na hakuna kilichofungwa mpaka uzi ukatwe. Lugha yenyewe ilikwisha kulisema jambo hilo kabla yangu. Tuna "kufuma" na "kufumua", kama tulivyo na "kufunga" na "kufungua", "kuziba" na "kuzibua", "kukunja" na "kukunjua". Kauli hii ya kutendua hukaa katika vitenzi vya mambo yanayoweza kurudishwa yalivyokuwa. Mtu akifumua nguo hukata tamaa kwa muda, lakini uzi wake hubaki salama. "Fundo" linaficha ukweli huo, na mwanafunzi akiamini kwamba ana mafundo mkononi, ataacha kazi bila kuizuia, na kesho ataikuta imefumuka.

Barazani pale nilijifunza pia mipaka ya vitenzi ambavyo mswada ulivichanganya. Kusuka ni kwa ukili, mkeka na nywele: vitu kadhaa hupishana juu na chini. Kufuma kwa asili yake ni kazi ya mfumi mwenye mtande na mshindio, na kitenzi hichohicho kikapanuka kuingia kazi ya sindano inayozalisha kitambaa kutoka katika uzi mmoja. Kudarizi ni kupamba kitambaa kilichopo. Kushona ni kuunganisha vipande. Mwanasesere mmoja hupita karibu katika kazi zote hizo: hufumwa mwili, hushonwa miguu na masikio, hudariziwa macho na mdomo. Mswada ulitumia "kushona" kwa yote, na mwanafunzi hakujua ni lini aweke sindano moja chini achukue nyingine.

4. Kulabu au kroshia?

Katika nakala yangu nilikuwa nimelifuta pia neno "kroshia" na kuandika "kulabu" kwa sindano, na "ufumaji wa kulabu" kwa kazi. Bibi alipolisikia alitazama mlangoni, mahali palipokuwa na kulabu halisi ya kushikia komeo, akacheka.

Niliona haya, lakini nilitaka kujua kama kicheko kile kina hoja. Kinayo. Mimi nilikuwa natetea usafi wa lugha. Kumbe maneno yote mawili ni wageni. Kulabu imetujia kutoka Kiarabu. Kroshia imetokana na neno la Kifaransa ambalo maana yake ni kulabu ndogo, na imetufikia kwa njia ya Kiingereza. Yaani nilimfukuza mgeni mmoja ili nimkaribishe mwingine mwenye jina lilelile, kwa sababu tu huyu wa pili alifika mapema. Hoja ya kweli ni nyingine: "kroshia" tayari linafanya kazi. Limeingia midomoni mwa wafumaji, limepata matamshi ya Kiswahili, na halina maana nyingine ya kugombana nayo. "Kulabu" ina mlango, ina bucha, ina chombo. Kwa hiyo napendekeza kazi iitwe "ufumaji wa kroshia", chombo kiitwe "sindano ya kroshia", na neno "kulabu" libaki na kazi linayoiweza: kutaja ile ncha iliyopindwa ya sindano hiyo. Ufumaji mwingine, wa sindano mbili zisizo na kulabu, uitwe "ufumaji wa sindano mbili".

Wako watakaosema kwamba kutumia kitenzi kimoja, "kufuma", kwa kazi mbili ni umaskini wa lugha, maana Kiingereza kina vitenzi viwili. Nawaomba watazame Japani, nchi iliyoutangaza ufumaji wa wanasesere duniani. Wajapani nao wana kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili, na hutofautisha kwa kutaja chombo: kufuma kwa sindano ya kulabu, na kufuma kwa vijiti. Jina lao la wanasesere hawa, amigurumi, limeunganishwa kutokana na kitenzi hicho cha kufuma na neno lao la mwanasesere wa kujazwa. Hakuna anayewaita maskini. Kugawa maana si lazima kufuate mahali Kiingereza kilipokata.

5. Mapendekezo

Kwa jina la jumla la vitu hivi yako maneno matatu ya kuchagua. "Mdoli" limeenea mno mitaani, nalo halina kosa ila kwamba huvuta fikira kwenye sura ya binadamu. "Karagosi" ni sanamu ya kuchezeshwa, na nyuzi zake ni za kuivuta, si za kuifuma. "Mwanasesere" ni neno la siku nyingi, lina heshima katika maandishi, na maana yake yaweza kupanuliwa kidogo ili ipokee wanyama. Nilifikiri kwanza "mwanasesere wa uzi", lakini litamkumbusha msomaji yule karagosi. Napendekeza "mwanasesere wa kufuma", kwa mfano wa "kofia ya kufuma" na "kitambaa cha kufuma" ambavyo watu husema kila siku.

Kwa pigo moja la ufumaji tunahitaji maneno mawili, wala si moja. "Kitanzi" ni neno la wafumaji, nami naliunga mkono kwa ule uzi uliozunguka sindano na kungoja kuvutwa. Lakini pigo lililokamilika huzalishwa kwa kuvuta uzi kupitia vitanzi viwili au zaidi. Tukiita vyote "kitanzi", mwanafunzi atahesabu vibaya. Kwa pigo lililokamilika napendekeza "kifumo", wingi "vifumo", kutokana na "fuma" kama "kipimo" kilivyotokana na "pima" na "kifungo" na "funga". "Mfumo" lingefaa zaidi kwa sauti, lakini limekwisha kuajiriwa kwingine na lina kazi nyingi.

Aina za vifumo zisipewe majina ya hesabu yaliyowagombanisha Waingereza na Wamarekani. Zipewe majina ya kile mkono unachokifanya. Kisichozungushiwa uzi kabla ya sindano kuingia kiitwe "kifumo kifupi". Kinachozungushiwa mara moja kiitwe "kifumo cha mzingo mmoja", cha mara mbili "kifumo cha mizingo miwili". Kile ambacho uzi huzungushwa mara moja, kisha ukavutwa kupitia vitanzi vyote vitatu kwa pamoja, kiitwe "kifumo cha kati", kwa kuwa urefu wake uko katikati ya kifupi na cha mzingo mmoja. Mfululizo wa kuanzia uendelee kuitwa "mnyororo". Mfasiri, kabla ya kuandika lolote, aangalie kitabu chake kimechapwa wapi.

Kazi inayokwenda na kurudi ihesabiwe kwa "safu", na inayozunguka ihesabiwe kwa "duru". Kile ambacho mswada ulikiita "mvutano wa uzi", kana kwamba uzi na sindano wana ugomvi wa mpaka, kiitwe "mkazo". Pete ya mwanzo iitwe "pete ya kukaza". Macho yenye kishikizo yaitwe "macho ya kubana". Vitu vidogo vinavyoandamana na wanasesere, ambavyo mswada uliviita "vifaa saidizi" kama kwamba mtoto ni mtambo, viitwe kwa majina yao: kofia, soksi, kitepe, kikoba, na kwa jumla "mapambo ya mtoto".

Kwa kujaribu kipimo nilichokitaja, niliandika maelekezo ya kichwa cha kobe kwa maneno haya, nikampa msichana ambaye hakuwa ameuona mswada: "Duru ya 1: vifumo vifupi 6 ndani ya pete ya kukaza. Duru ya 2: ongeza kimoja katika kila kifumo, jumla 12. Duru ya 3: kifumo kifupi 1, kisha ongeza 1; rudia mara 6; jumla 18." Aliuliza swali moja tu, kama "ongeza" maana yake ni kufuma viwili mahali pamoja. Ndiyo, na jibu hilo sasa limo katika maelezo. Kichwa kilitoka mviringo. Sidai kwamba neno "kifumo" limekubalika. Nasema kwamba siku ile mkono ulilielewa.

6. Upatanisho, na neno kwa watunza ghala

Limebaki suala la sarufi ambalo walimu wataulizwa. Je, tuseme "twiga ya kufuma imepotea jicho" au "twiga wa kufuma amepotewa na jicho"? Wengine hushika kwamba kitu kisicho na roho hakistahili upatanisho wa viumbe hai. Lakini "mwanasesere" mwenyewe hana roho, na huchukua a- na wa- bila mtu kulalamika. Tena mtumiaji mkuu wa neno hili ni mtoto, na mtoto hajapata kumwita twiga wake "hii". Napendekeza "twiga wa kufuma". Tukitaka kusisitiza umbo tu, tuna "sanamu ya twiga", ambayo itafuata "sanamu".

Kwa watumishi wanaoandika hati za mapokezi nina ombi dogo. Wasiandike "twiga 12 wamepokewa". Mkaguzi atauliza kibali cha wanyamapori. Waandike "wanasesere wa kufuma, umbo la twiga, 12".

7. Mambo yasiyongoja istilahi

Jambo la mwisho ni la hatari, na lugha ndiyo iliyolibeba. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea, kama ISO 8124, hukataza vipande vidogo vinavyoweza kung'oka katika vitu vya watoto walio chini ya miaka mitatu. Macho ya kubana, hata yakibana vipi, hushikwa na uzi tu. Uzi ukilegea jicho hutoka. Mswada ulionya juu ya "hatari ya kukabwa", na mama mmoja alielewa kwamba mwanasesere anaweza kumkaba mtoto shingoni. Neno lilikuwako siku zote, na kila mama analijua: mtoto "hupaliwa". Onyo linalofaa ni hili: "Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 usitie macho ya kubana, darizi macho kwa uzi, ili asipaliwe." Sentensi hiyo haina istilahi hata moja ya kutungwa. Ilihitaji mtu wa kuandika kama watu wanavyosema.

Naamini kanuni zetu za kuunda istilahi ni nzuri: tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za jirani, ndipo twende mbali. Ila tumezoea kuisoma hatua ile ya kwanza kana kwamba Kiswahili chenyewe kimo ndani ya kamusi. Sehemu yake kubwa imo barazani, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kualikwa katika kikao. Si kila wasemalo litafaa kusanifishwa. "Kitanzi" peke yake halikutosha, na "stichi" sikulirudisha. Lakini kabla hatujafuta neno la fundi, tumwombe atuonyeshe linafanya kazi gani.

Twiga 12 walifumwa upya kwa vifumo vifupi na kupelekwa kwa watoto wao, wamechelewa majuma matatu. Gharama ya uzi ulioharibika niliilipa mimi. Gharama ya majuma yale sikuwa na namna ya kuilipa, ila kwa kuandika makala haya na kuwaomba wasomaji, hasa walimu wa stadi za kazi, wayajaribu maneno niliyoyapendekeza wakiwa na sindano mkononi, na kuniandikia ni yapi yaliyokwama.